Chipu ya LM1875 au LM386 kwa ampi (kikuza sauti) ya spika za sebuleni?
Chukua LM1875. LM386 haizidi wati 1 hivi, hiyo ni ya redio ndogo. LM1875 ukiipa volti 25 chanya na 25 hasi inatoa wati 20 safi kwenye spika ya omu 8, na ina miguu 5 tu ya kuchomea risasi. Transfoma ya volti 18-0-18 inatosha (umeme wake ukigeuzwa kuwa DC unafika karibu volti 25 kila upande), na kwenye maduka ya mtaa wa Luthuli, Nairobi, hazikosekani. Nimeunda kadhaa, na adui mkubwa ni joto: ifunge kwenye alumini nene, katikati uweke kipande cha mika (kinapitisha joto ila si umeme), maana mgongo wa chipu umeungana na umeme hasi. Mgongo huo ukigusa kasha la chuma lenye eathi, ni shoti papo hapo. Ila chipu feki zipo, nunua kwa fundi unayemwamini.