Kakati isiyo na miiba: ipende kwa mbali

Kakati yangu ya kwanza niliiua kwa maji. Niliinunua hapa Dar es Salaam mwezi wa Machi, kwa wauza miche wa kando ya barabara, nikaiweka barazani na kuimwagilia kila asubuhi pamoja na mirehani. Masika yakaingia, nayo ikanenepa, nami nikajisifu. Mwezi wa Mei niliigusa kidole kikazama: ngozi bado nzuri, ndani uji wa kahawia.

Mmea unaokua taratibu hufa taratibu pia. Mchicha ukiukosea, kesho yake umeshasinyaa mbele yako. Kakati kosa la Machi inakuonyesha Mei, na hapo hakuna la kuokoa.

Ninayoizungumzia ni Astrophytum myriostigma, asili yake maeneo makavu ya Meksiko. Haina mwiba hata mmoja. Ngozi yake imejaa vidoadoa vyeupe, na kwa kawaida ina migongo mitano, hivyo ukiitazama kwa juu ni kiti cha pweza mtupu, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Wanangu ndivyo wanavyoiita. Vile vidoa ni vya mmea wenyewe. Mama mkwe wangu alidhani ni ukoga, akaifuta kwa kitambaa kibichi kwa nia njema kabisa. Upande ule umebaki kijani mpaka leo.

Ndugu yake, Astrophytum asterias, ni bapa zaidi na ana migongo minane hivi. Huyo amenishinda mara mbili. Ukimtaka, nunua aliyeoteshwa kwa mbegu. Porini wamepungua mno kwa kuchimbwa, na biashara yao ya kimataifa inabanwa na sheria. Pia angalia usiuziwe Euphorbia obesa ya Afrika Kusini, ambayo inafanana naye sana lakini si kakati, ni jamaa wa mnyaa. Ikichubuka hutoa utomvu mweupe kama maziwa, usikuingie machoni.

Udongo wangu ni sehemu moja ya mboji iliyochekechwa kwa sehemu tatu za changarawe ndogo na mchanga wa mto uliooshwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uacheni hukohuko. Chungu kiwe cha udongo wa kuchoma, na kiwe na tundu chini. Vile vibakuli vya kauri visivyo na tundu vinapendeza dukani tu.

Kuhusu maji, siku hizi siangalii kalenda wala uso wa udongo, nanyanyua chungu. Nikimwagilia, namwagilia mpaka maji yatoke chini, basi. Chungu kikiwa chepesi kabisa bado nangoja siku tano nyingine. Wakati wa joto inakuja kama kila wiki mbili. Juni hadi Agosti, mara moja kwa mwezi au nisiimwagilie kabisa. Masika naihamishia chini ya paa, kwa sababu unyevu wa hewa ya pwani peke yake unatosha kuchelewesha udongo kukauka. Ikinywea kidogo, iache. Mkono utakuwasha; nenda kamwagilie mirehani.

Jua inalitaka, ila izoeshe kidogo kidogo, kuanzia la asubuhi. Ikiungua, kovu halifutiki. Ikikosa mwanga hurefuka na kuchongoka kama inatafuta mlango.

Adui mwingine ni vidung'ata, vile vidudu vyenye pamba nyeupe. Kwenye mmea wenye madoa meupe hujificha waziwazi! Mimi napitisha kioo cha kukuzia kila Jumapili kwenye mifereji kati ya migongo, na nikiwaona nawagusa jioni kwa pamba iliyochovywa spiriti. Ukibadilisha chungu, kagua na mizizi.

Mbegu huota upesi, mara nyingi ndani ya wiki moja, na hapo ndipo watu hudanganyika. Zangu zilipofika mwaka zilikuwa sawa na punje za kunde. Iliyotangulia imechanua mwaka wa tano, ua la manjano lenye mng'ao wa hariri, juu kabisa utosini. Ua halikushika mbegu, maana linahitaji chavua ya mmea mwingine, na dada zake wote bado hawajafungua hata tumba. Mgeni mmoja alilibonyeza aone kama ni la plastiki.