Barua kwa mwanangu aliyeuliza afunge kwa ajili ya nini

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema tangu kazi iliposimama moyo umekukauka, Misa unakwenda kwa mazoea, ukipiga magoti maneno hayaji. Kisha ukaniuliza: "Mama, mtu asiye na tumaini anafunga Kwaresima kwa ajili ya nini?" Hilo si swali la kujibiwa kwenye simu, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Msome Eliya, Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Nabii yule alikuwa ametoka kushinda mbele ya watu wote kule Karmeli. Yezebeli alipoapa kumuua, akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mti na kumwomba Mungu afe. Angalia alivyojibiwa. Hakukemewa kwa imani haba. Aliachwa alale, kisha malaika akamgusa, akamwambia ainuke ale. Kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akaambiwa ale kwa kuwa safari iliyo mbele ni kubwa. Ndipo kwa nguvu ya chakula kile akatembea siku 40, mchana na usiku, mpaka Horebu, mlima wa Mungu. Alilishwa kwanza, mwanangu, ndipo zikaja hizo siku 40. Wewe unataka upate nguvu kwanza, ndipo umwendee Mungu.

Kwa hiyo anza kwa kupokea. Nenda ukaungame mapema, usingoje foleni za Juma Kuu. Usiandae hotuba, mwambie padre kama ulivyoniambia mimi, kwamba kusali kumekushinda. Jioni fungua Zaburi ya 51. Daudi hamwahidi Mungu kwamba atajirekebisha, anaomba aumbiwe moyo safi, na kuumba ni kazi ya Mungu peke yake. Ukiweza mstari mmoja tu, sema huo mmoja, ulale. Na kama usingizi nao umekukimbia kwa majuma, mwone daktari. Wala usione ni kukosa imani; Eliya alipewa usingizi na chakula kabla ya kutumwa tena.

Kufunga kwenyewe Kanisa halitudai mengi: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, pamoja na kuacha nyama Ijumaa. Ila ukiacha nyama na fedha ikabaki mfukoni mwako, hapo umebana matumizi tu. Isaya 58 inasema wazi kwamba mfungo anaoutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Najua kipato hakuna. Lakini sahani ya wali na maharage utakayoiacha Ijumaa mchana, mpelekee yule mzee uliyeniambia anauza karanga nje ya geti lenu, ukae naye anapokula. Aliyekata tamaa hujiona yeye na shida yake tu. Akimlisha mwenzake, macho huanza kuona na mengine.

Njia ya Msalaba, ile sala ya vituo 14 vya mateso ya Yesu, usiifanye peke yako chumbani. Nenda na jumuiya yako. Huku kwetu Ijumaa iliyopita mvua ilitukuta kituo cha nne, tukaendelea hivyo hivyo, tunapiga magoti kwenye tope, kanga zimekunjwa chini ya magoti. Kuna bibi mmoja ambaye kuinuka ni shida. Binti wa mafundisho ya kipaimara alimshika mkono kila kituo, na bibi hakubakiza hata kimoja.

Tulipofika kituo cha tano nilikukumbuka. Ndicho kituo ambapo Simoni wa Kirene anamsaidia Yesu kubeba msalaba, naye hakujitolea. Alikuwa anapita zake akitoka shamba, askari wakamshika na kumlazimisha. Hamu hakuwa nayo, na msalaba aliubeba. Marko anawataja wanawe kwa majina, Aleksanda na Rufo, na mimi nasadiki ni kwa sababu waumini waliwafahamu, kwamba mzigo ule wa kulazimishwa uliingiza imani nyumbani mwake. Basi usijidharau kwa kuwa unakwenda bila hamu. Nenda tu.

Tarehe 22 Machi tutasoma Injili ya Lazaro. Isikilize vizuri. Martha anamwambia Yesu waziwazi kwamba angalikuwapo, kaka yake asingalikufa, na Yesu hamkatazi kusema hivyo. Yeye mwenyewe analia machozi mbele ya watu. Kisha anamwita Lazaro atoke kaburini, na maiti wa siku nne anatoka, sanda bado zimemfunga. Tumaini letu limesimama juu ya huyo anayeita. Halipandi wala kushuka kwa jinsi moyo wako ulivyoamka leo, na hata siku usiyolihisi, lipo.

Nauli ya Pasaka usihangaike nayo, baba yako ameshaiweka. Fika kabla ya Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili. Mtoto wa mjomba wako, yule mdogo aliyeanza mafundisho ya ukatekumeni, yaani ya kujiandaa kwa ubatizo, anabatizwa kwenye Mkesha wa Pasaka, na amesema msimamizi wake wa ubatizo anataka uwe wewe. Nilimweleza hali yako ili asikutegemee bure. Akajibu anakutaka hivyo hivyo ulivyo. Mpigie mwenyewe umjibu, maana paroko anahitaji jina kabla ya Dominika ya Matawi.

Mama yako