Matanga ya msanii ndani ya simu

Ndugu mhariri,

Wiki hii mmeuliza: «Msanii tuliyempenda akifariki, kikundi cha mashabiki mtandaoni kifanye nini?» Tunawajibu kutoka Lubumbashi, sisi tunaosimamia vikundi vya WhatsApp vya wapenzi wa rumba. Kulia hakuna anayehitaji kufundishwa. Kinachotaka mpango ni saa ya kwanza, fedha na rekodi. Tukilazimishwa kuchagua moja, tutachagua rekodi. Familia inaweza kumzika mtu wake bila sisi, lakini haiwezi peke yake kukumbuka nani alipiga gita la solo kwenye upande wa pili wa kila santuri.

Kwanza habari yenyewe. Papa Wemba, mwimbaji mkubwa wa rumba ya Kongo, alianguka jukwaani Abidjan, kwenye tamasha la FEMUA, alfajiri ya Jumapili tarehe 24 Aprili 2016, mbele ya kamera. Watu wengi waliona video kabla ya kusoma taarifa yoyote. Safari hiyo habari ilikuwa ya kweli. Nyingi nyingine ni za uongo, na kila shabiki wa rumba anajua wanamuziki waliokwisha «kuuawa» na simu mara kadhaa na bado wanapanda jukwaani.

Kanuni ni vyanzo viwili visivyonakiliana: mmoja wa karibu, yaani familia, okestra au meneja akisema kwa sauti au kwa ukurasa wake mwenyewe, na wa pili chombo cha habari chenye mwandishi wake pale pale. Maandishi matano yenye kosa lile lile la herufi ni chanzo kimoja. Angalieni pia saa iliyo juu ya picha ya skrini. Lubumbashi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja na mbele ya Abidjan kwa saa mbili. Mtu anayejidai yuko hospitalini Abidjan sasa hivi, na simu yake inaonyesha saa sawa na yenu, hayuko Abidjan. Paris na Brussels ziko sawa na sisi kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, kisha zinarudi nyuma saa moja. Someni na tarehe, maana tangazo la kifo cha zamani hurudi kila mwaka siku ile ile, na wageni wa kikundi hulipokea kama habari ya leo.

Mkiwa bado mnahakiki, fungeni mdomo wa kikundi. Kwenye mipangilio ya WhatsApp, ondoeni ruhusa ya wanakikundi wote kutuma ujumbe, ibaki kwa wasimamizi. Kikundi kinaweza kuwa na watu 1,024. Nusu yao wakituma alama ya machozi kwa pamoja, tangazo lenu linapotea juu huko na asiye na mega za kutosha, yaani data ya intaneti, halioni kabisa. Andikeni ujumbe mmoja mfupi na kuubandika juu kwa siku 7: «Tumepokea habari ya kifo cha Baba fulani. Bado tunahakiki. Saa 11:00 ya Lubumbashi tutasema tulichopata. Msitume picha wala video.» Saa hiyo ikifika, semeni, hata kama hamjapata kitu. Kufunga kusizidi saa mbili. Wasimamizi wanaochelewa hukuta watu wamehamia vikundi vipya vinavyochipuka na picha ya marehemu juu, na humo ndimo wezi hukaa.

Video ya mtu anayeanguka au picha ya maiti haina nafasi. Wasimamizi wanaweza kuifuta kwa wote, lakini simu zinazopakua picha zenyewe zinakuwa zimekwisha kuihifadhi, na kufuta ndani ya kikundi hakuhakikishi kwamba nakala hizo zimeondoka. Ndiyo maana kufunga kunatangulia kufuta. Waambieni wanakikundi wazime upakuaji wa otomatiki. Mega zao pia zitapona.

Kisha matanga. Hapa kwetu watu wamezoea kulala kilio, kwa hiyo wapeni usiku wenye saa zake, kwa mfano 19:00 hadi 22:00 ya Lubumbashi, na muandike pembeni kwamba ni 18:00 hadi 21:00 ya Kinshasa. Tumieni ujumbe wa sauti, usiozidi dakika moja kila mmoja, kuliko video ya moja kwa moja. Umeme ukikatika Katuba, komini ya hapa Lubumbashi, aliye kwenye video ya moja kwa moja amekosa kila kitu, lakini sauti inamngoja hadi simu ipate chaji, na dakika moja ya sauti haifiki megabaiti moja. Waendeshaji wawe wawili, wakae komini tofauti, mmoja kwenye Airtel na mwingine kwenye Vodacom, ili mtandao mmoja ukianguka kilio kisikatike. Wimbo mmoja kila nusu saa unatosha. Anayetuma albamu nzima anawanyamazisha wenzake.

Ugomvi utakuja, wa mashabiki wa mwimbaji mwingine au wa mambo ya mahakama. Papa Wemba alihukumiwa Ufaransa mwaka 2004 kwa kuwaingiza watu nchini humo kinyume cha sheria, na hilo lilirudi midomoni alipofariki. Msimamo wetu ni kwamba mjadala usubiri mazishi, lakini hakuna anayefutwa kwa kusema jambo la kweli. Kikundi kinachosafisha maisha ya marehemu kitasafisha na orodha ya nyimbo zake.

Fedha: kama familia haijamtaja hadharani mtu wa kupokea, msifungue mfuko. Akitajwa, tumeni watu kwake moja kwa moja. Namba ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money huonyesha jina la mwenye laini kabla ya kuthibitisha. Jina hilo lisipolingana na lile lililotangazwa, simameni hapo hapo. Wezi hunakili picha na jina la msimamizi, wakabadilisha namba tu, wakamwandikia kila mwanakikundi faraghani. Kwa hiyo andikeni kwenye tangazo la juu: «Hakuna msimamizi atakayekuomba mchango faraghani.» Mkilazimika kukusanya wenyewe, faranga na dola ziwe na orodha mbili, makato ya kutoa pesa yaandikwe, watu watatu waone salio, na siku ya kufunga itangazwe kabla ya senti ya kwanza kuingia.

Sasa rekodi, ambapo tungependa mashabiki watumie nguvu zao zote. Mwenda Jean-Bosco, mpiga gita, mwana wa Bunkeya, alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya barabarani nchini Zambia. Gita lake la kidole gumba na shahada tunalisikia hadi leo kwa sababu Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya sasa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kanda zikatunzwa na kuandikwa. Wapiga gita wengine wa migodini hawakupata bahati hiyo. Wiki za msiba ndizo wiki ambazo wazee hufungua masanduku, kwa hiyo tumieni wakati huo.

Kaseti iliyokaa miaka kwenye joto msiichezeshe mara moja. Angalieni kwanza kipande cha sponji au kitambaa kilicho nyuma ya utepe, katikati ya tundu la mbele. Kikidondoka, utepe haugusi vizuri kichwa cha redio kinachousoma, na sauti za juu zinapotea. Hamishieni utepe kwenye ganda jingine lenye skrubu. Pelekeni utepe mbele hadi mwisho na kuurudisha mara moja, ili mikunjo iliyoshikana iachane taratibu. Safisheni kichwa cha redio kwa pamba na alkoholi ya asilimia 90 au zaidi, kamwe si manukato. Mkisikia matoazi yamefifia na kitambaa ni kizima, zungusheni polepole skrubu ndogo iliyo pembeni ya kichwa hadi matoazi yang'ae, kisha acheni.

Unganisheni redio na kompyuta kwa kifaa kidogo cha USB chenye tundu la stereo la kuingiza sauti. Tundu la maikrofoni la kompyuta nyingi ni la mono na linapasua sauti. Kompyuta iende kwa betri, bila chaja, maana mngurumo unaosikika chini ya muziki mara nyingi unatoka kwenye chaja. Siku umeme umekatika, rekodi huwa safi zaidi, mradi redio nayo itumie mawe, yaani betri. Rekodini kwa 44,100 Hz na biti 16 katika WAV, kilele cha sauti kibaki karibu na -6 dB. Kaseti ya dakika 60 itachukua kama megabaiti 600. Msipunguze kelele kwenye nakala ya kwanza. Kelele zikiondolewa vibaya, zinaondoka na pumzi ya mwimbaji.

Majalada pia. Pigeni picha mbele, nyuma na lebo za pande zote mbili, karibu na dirisha, bila flashi. Tumeni kama hati, kwa kuwa picha ya kawaida WhatsApp huibana na maandishi madogo ya majina hayasomeki tena. Kwenye santuri, pigeni na namba iliyochongwa kwenye eneo laini karibu na lebo. Hiyo hutofautisha toleo na toleo pale majalada yanapofanana. Albamu nzima msiimwage YouTube, haki ni za familia na watayarishaji. Wekeni nakala tatu, moja iwe nje ya Lubumbashi.

Jina la faili liwe msanii, wimbo, mwaka, chanzo, aliyerekodi. Kwenye jedwali la wanamuziki kuwe na safu ya sauti, solo, mi-solo (gita la kati, kati ya solo na ritimu), besi, ngoma. Viva la Musica, okestra ya Papa Wemba iliyoanzishwa 1977, ilipitisha waimbaji kama King Kester Emeneya, aliyefariki Paris Februari 2014, na majina ya waimbaji yanajulikana. Wapiga besi na ngoma ndio wanaopotea. Mzee aliyekuwepo studio akisema jina, andikeni na yeye ni nani na alisema lini. Wazee wawili wakipingana, andikeni majina yote mawili. Pasipo na anayejua, acheni nafasi wazi. Jina la kubahatisha likishanakiliwa mtandaoni, miaka miwili baadaye litanukuliwa kama ushahidi, na mpigaji halisi hatapata tena mahali pa kuandikwa.