Jina adimu la Kiingereza: anza na ramani, mengine yatafuata

Kama wewe au watoto wako mna jina la ukoo la Kiingereza ambalo hata Waingereza wenyewe huuliza linaandikwaje, mna bahati kubwa. Mwenye Smith, yaani mhunzi, ana kazi ngumu. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, na kila mhunzi aliweza kuanzisha ukoo wa Smith bila kujuana na mhunzi wa kijiji cha pili. Jina adimu ni habari nyingine. Mara nyingi linarudi kwenye bonde moja, pengine shamba moja, na wakati mwingine kwa mtu mmoja.

Nimeolewa hapa Leicester, Uingereza, na wanangu wana jina la baba yao, ambalo lina asili katika mkoa wa Derbyshire na halina watu wengi. Nilianza kulifuatilia kwa ajili yao. Baadaye Waswahili wenzangu walianza kuniuliza: wengine wameoa au kuolewa huku, wengine wako Tanga, Nakuru au Arusha na babu yao alikuwa Mwingereza wa reli au wa shamba la mkonge. Jina letu sitaliandika, kwa sababu wakwe zangu wako hai na hawakuomba kuanikwa. Nitatumia jina ambalo wengi wenu mmelisikia kwenye filamu za wanyama: Attenborough. Nalo ni adimu, na chimbuko lake liko karibu na huku tunakoishi.

Attenborough ni kijiji. Kipo Nottinghamshire, kando ya mto Trent, kina kanisa la zamani la Mtakatifu Maria na kituo cha treni. Henry Ireton, jemadari wa Bunge katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na mkwe wa Oliver Cromwell, alizaliwa hapo mwaka 1611. Pembeni yake kuna mabwawa yaliyobaki baada ya kuchimbwa kokoto, ambayo sasa ni hifadhi ya ndege. David Attenborough, mtangazaji wa filamu hizo za wanyama, ndiye aliyeifungua rasmi mwaka 1966. Yeye mwenyewe hakuzaliwa huko. Alizaliwa Isleworth, upande wa London, mwaka 1926, akakulia hapa Leicester ambako baba yake, Frederick, alikuwa mkuu wa chuo kikuu. Ukiishia kwa David utadhani ni jina la London. Ukirudi nyuma kizazi kimoja tu, unakuta Frederick alizaliwa mwaka 1887 huko Stapleford, ambako ukitembea hadi kijiji cha Attenborough hufikishi kilomita tano.

Hapo ndipo penye siri ya majina ya aina hii. Mtu hakuitwa kwa jina la kijiji akiwa bado anaishi kijijini humo, maana wote wangekuwa na jina moja. Sisi wa Pwani tunalijua hili: Mshihiri haitwi Mshihiri akiwa Shihr, kule Yemen, anaitwa hivyo akishafika Mombasa au Zanzibar. Kwa hiyo usishangae ukifika kwenye kijiji chenye jina lenu na kukuta makaburini hakuna hata mmoja wenu. Tafuta vijiji vya jirani, mwendo wa siku moja kwa miguu. Ndiko walikoshukia.

Waingereza nao hawakuwa na majina ya ukoo tangu azali. Baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, mabwana wenye ardhi ndio walioanza kurithisha majina kwa wana wao. Desturi ikashuka polepole mpaka kwa wakulima na mafundi, na kufikia karibu mwaka 1400 familia nyingi zilikuwa na jina linalorithiwa, ingawa kaskazini ilichelewa. Serikali ilichangia kwa kutaka kujua nani amelipa na nani hajalipa. Kodi ya kichwa ya mwaka 1377, 1379 na 1381, ile iliyowachosha wakulima hadi wakaasi mwaka 1381, imetuachia orodha za majina kijiji kwa kijiji. Baadaye ikaja kodi ya meko, kati ya 1662 na 1689, iliyotozwa kwa kila meko ndani ya nyumba. Ukilikuta jina lenu kwenye kodi ya meko, utajua lilikuwa wapi kabla viwanda havijawatawanya watu.

Sasa ushauri wenyewe. Wengi huanza na mtu: babu, baba wa babu, kisha wanakwama. Anza na mahali. Sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 1881 imenakiliwa yote na kuwekwa mtandaoni, na kwenye tovuti ya FamilySearch unaisoma bure. Andika jina lenu, hesabu watu kwa kila mkoa, kisha wapake rangi kwenye ramani. Huhitaji programu ya kulipia, kalamu ya rangi inatosha. Attenborough utawaona wamejaa Nottinghamshire na Derbyshire, kisha wachache wachache huko na huko. Kwa wakwe zangu kulikuwa na hadithi, ikisimuliwa kila Krismasi, kwamba ukoo ulivuka bahari pamoja na Wanormani na kupewa ardhi na mfalme. Ramani ilitupeleka kwenye bonde moja la wafugaji wa kondoo na wachimba madini ya risasi. Mama mkwe alinyamaza kidogo, halafu akasema hao anawapenda zaidi. Nami nawapenda zaidi.

Wazo la kufuata ramani si la jana. Mwaka 1890 daktari Henry Guppy alichapisha kitabu cha makazi ya majina ya Uingereza, akitumia majina ya wakulima wenye mashamba kwa hoja kwamba hao ndio wasiohamahama. Watafiti wa siku hizi wamekwenda mbali zaidi. Kamusi kubwa ya Oxford ya majina ya ukoo ya Uingereza na Ireland, iliyotoka mwaka 2016 kwa juzuu nne, ina majina zaidi ya 45,000 na kwa mengi inataja mwaka na kijiji yalikoandikwa mapema. Maktaba nyingi za huku zinakuruhusu kuisoma mtandaoni kwa kadi yako ya maktaba. Ulizia kwanza kabla ya kutoa hata senti.

Jambo linalowaangusha wengi ni tahajia. Attenborough hutamkwa kama Atenbara, na karani aliandika alichosikia, kwa hiyo kuna Attenborrow, Attenburrow na mengineyo. Haya si koo tofauti. Tangu mwaka 1754 sheria ilitaka maharusi na mashahidi watie sahihi kwenye kitabu cha ndoa, na asiyejua kuandika aliweka alama ya X. Ninao ukurasa mmoja wa wakwe zangu ninaoupenda sana. Kasisi ameandika jina la bwana harusi kwa herufi zake, bi harusi ameweka X iliyokwaruza karatasi, na shahidi, kaka yake bwana harusi, ametia sahihi chini kabisa kwa tahajia nyingine. Ndugu wa tumbo moja, karatasi moja, majina mawili. Kwa hiyo unapotafuta, litamke jina kwa sauti, kisha liandike kwa kila namna ambayo sikio linaweza kukubali.

Baada ya mahali, sasa wafuate watu, ukirudi nyuma hatua kwa hatua. Usajili wa vizazi, ndoa na vifo wa serikali ulianza Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837. Faharasa ya idara ya usajili hutafutwa bure mtandaoni ukishajiandikisha, na ina kitu ambacho faharasa za zamani hazina kabla ya mwaka 1911: jina la ukoo la mama kabla hajaolewa. Kwa jina adimu hii ni dawa. Ukijua jina la baba na la mama unaweza kukusanya watoto wote wa nyumba moja kwa jioni moja, hata waliokufa wachanga ambao sensa haikuwahi kuwaona.

Sensa hufanywa kila miaka 10 na hufungwa kwa miaka 100. Ile ya 1841 ndiyo ya kwanza yenye majina nchi nzima, lakini umri wa watu wazima ulipunguzwa hadi kwenye mafungu ya miaka mitano, kwa hiyo usibishane na babu kwa ajili ya miaka mitatu. Kuanzia 1851 wanaandika parokia aliyozaliwa mtu, na parokia hiyo ndiyo mlango wa kwenda nyuma zaidi, kwenye vitabu vya kanisa vilivyoagizwa mwaka 1538. Sensa ya 1921 ilifunguliwa mwaka 2022. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Usipoteze muda kuzitafuta.

Nije kwenye vinasaba, maana kila mtu ananiuliza. Kromosomu Y, sehemu ya vinasaba waliyo nayo wanaume tu, hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, njia ileile ya jina la ukoo la Kiingereza. Hapa Leicester, katika chuo kikuu kilekile ambacho Frederick Attenborough alikiongoza, watafiti Turi King na Mark Jobling walichapisha mwaka 2009 utafiti wa wanaume 1,678 wenye majina 40. Wenye jina la Smith hawakuhusiana zaidi ya watu wowote waliookotwa barabarani. Wenye Attenborough, kwa tahajia zake zote, asilimia 87 walikuwa na aina moja ya kromosomu Y. Haina maana kwamba siku ya kwanza alikuwepo Attenborough mmoja tu. Wangeweza kuwepo kadhaa, kisha wengine wakazaa mabinti watupu au wakafa bila mtoto, na jina likabaki na mlango mmoja. Francis Galton na Henry Watson walikwisha kulipigia hesabu suala hili la majina kufa mwaka 1874.

Utafiti mwingine wa hapahapa, wa mwaka 2007, ndio ulionigusa kuliko yote. Mzungu mmoja, mwenye jina adimu la mashariki ya Yorkshire, alikutwa na kromosomu Y ambayo kabla ya hapo ilijulikana kwa watu wa Afrika Magharibi tu. Wakapimwa wanaume 18 wenye jina lake, na 7 walikuwa nayo. Nyaraka ziliwagawa katika matawi mawili yanayoishia kwa watu wa miaka ya 1780, na mahali ambapo matawi hayo yanakutana ni nyuma zaidi ya hapo. Mwafrika mmoja alifika Uingereza, akazaa, na damu yake ikabaki ndani ya familia za Yorkshire bila wao kuwa na habari. Tunajua kwamba Warumi walikuwa na kikosi cha Wamori, watu wa Afrika Kaskazini, kwenye ukuta wa Hadrian huko kaskazini mwa Uingereza, na kwamba karne ya 18 ilileta Waafrika wengi kama watumwa na watumishi. Wanangu, ambao shuleni huulizwa wametoka wapi hasa, niliwasomea habari hii neno kwa neno.

Lakini kabla ya kununua kipimo, kaeni kikao cha familia. Jina na damu huachana njiani: mtoto wa kulea, mtoto wa nje, mjane aliyeolewa tena na watoto wakafuata jina la baba wa kambo. Kipimo hakina haya, kitasema. Nimeona majibu yakimfikia mzee ambaye hakuandaliwa, na hakuna aliyefurahi. Na wewe uliye Nakuru au Tanga, kumbuka kipimo cha Y kinamhusu aliyetoka kwa mwana wa mwana tu. Kama Mwingereza wako ni baba wa mama yako, chukua kipimo cha kawaida cha vinasaba vyote. Hicho ndicho kitakachokuonyesha binamu walio hai.

Kwenu wenye babu aliyekuja Afrika Mashariki, tafuteni herufi za kwanza za majina yake, zote. Karatasi za kikoloni hupenda kuandika herufi tupu, na kwa jina adimu herufi mbili zinatosha kumtenga mtu na kaka yake. Gazeti rasmi la serikali lililotoka Kenya tangu mwaka 1899 limejaa vyeo, likizo, viwanja na mirathi, na matoleo mengi yanasomeka mtandaoni. Hifadhi ya taifa ya nyaraka huko Kew, London, inazo orodha za abiria waliopanda meli bandari za Uingereza kati ya 1890 na 1960, wakiwemo waliokuja Mombasa. Waulizeni na wazee wa pale alipoishi, hata kama wanamkumbuka kwa jina la utani tu, kwa sababu wao ndio wanaojua alifika mwaka wa njaa ipi na alifanya kazi na nani.

Kitu kimoja msikinunue: ngao ya ukoo. Maduka ya watalii huku yanauza ngao zenye simba na taji kwa kila jina. Chuo cha Ngao cha London (College of Arms), mamlaka inayotoa ngao hizo, kilichopo tangu mwaka 1484, kinasema wazi kwamba ngao hupewa mtu na kurithiwa na kizazi chake. Haipewi jina. Kuwa na jina moja na mwenye ngao hakukupi chochote.

Badala yake, andikieni chama cha wanaochunguza jina mojamoja, kiitwacho Guild of One-Name Studies, kilichoanzishwa mwaka 1979. Kuangalia kama jina lenu limeandikishwa ni bure, na mara nyingi kwa majina adimu kuna mzee mahali fulani ambaye amekusanya kila ubatizo na kila kaburi. Kwenye barua mtajie tahajia mnazozijua, mtu wa mwanzo mnayemthibitisha kwa cheti, na parokia aliyozaliwa. Na mpelekeeni tawi lenu la Afrika, kwa majina kamili ya waliokwisha kutangulia, maana hilo yeye hana.