Kabla ya ile kanzu ya Yusufu

Ugomvi wa Yusufu wa kwenye Biblia na kaka zake husimuliwa kuanzia kwenye kanzu aliyopewa na baba yake, Yakobo. Rudi nyuma mstari mmoja tu. Mwanzo 37:2 inamwonyesha kijana wa miaka 17 akimpelekea baba habari mbaya za nduguze, na baadaye Yakobo anamtuma tena akawatazame, kanzu mwilini. Baba alikuwa ameshamfanya mpelelezi. Na huyu Yakobo mwenyewe alikulia nyumba ambamo baba, Isaka, alimpenda kaka yake Esau, na mama, Rebeka, akampenda yeye!

Kwa hiyo usimwulize mdogo, "Kaka yako alikuwa wapi?" Mwulize kaka mwenyewe. Watoto wakishikana, watenganishe, ngoja pumzi zitulie, kisha msikilize kila mmoja peke yake. Anza na yule asiye na maneno mengi, maana mwenye ulimi mwepesi akitangulia atakuteka. "Nani kaanza?" huzaa mawakili, uliza kilichoharibika na kitatengenezwaje. Kauli inayoharibu kuliko zote, tena tunaitoa kwa nia njema, ni "wewe mkubwa, mwachie mwenzio." Mkubwa anajifunza kwamba kuzaliwa kwanza ni adhabu, mdogo anajifunza kwamba machozi yanalipa.

Kwa ndugu watu wazima, somo zuri zaidi liko kwa Esau, ambaye Yakobo alimwibia baraka ya baba yao kwa hila. Yakobo anaporudi baada ya miaka 20 kwa mjomba wake Labani, anatanguliza zawadi ya mifugo zaidi ya 500, anainama mara saba, halafu katika Mwanzo 33:11 anamsihi kaka yake apokee "baraka" yake. Kwa Kiebrania ni neno lilelile la kile alichomwibia. Hapo ndipo vikao vingi vya familia vinapokwama: watu wanapeana mikono, lakini shamba halitajwi, wala ada aliyolipiwa mmoja, wala miaka ambayo dada alimuuguza mama peke yake. Kitaje kwa jina lake, kisha mkubaliane kinarudishwa kwa namna gani na lini. Kama mali yenyewe haipo tena, kukiri mbele ya wale wale walioshuhudia dhuluma kuna uzito wake.

Wala msilazimishane kuishi pamoja. Baada ya kukumbatiana na kulia, Esau alirudi kwake Seiri, Yakobo akashika njia nyingine, ya Sukothi. Isaka alipokufa walimzika wote wawili.