Yeremia 29:11 iliandikiwa nani
Mwinjilisti, umesema Yeremia 29:11 ("nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, ni mawazo ya amani") ni ahadi kwamba kila msikilizaji wako atafanikiwa mwaka huu. Hapana, si hivyo. Ni kipande cha barua. Mstari wa 1 unasema wazi: Yeremia aliituma kutoka Yerusalemu kwa wazee, makuhani, manabii na watu wote ambao Nebukadreza aliwachukua mateka mpaka Babeli. Kundi hilo lilichukuliwa mwaka 597 KK. Na mstari wa 10, ule ambao mahubiri ya mkesha wa mwaka mpya hapa Mbeya huuruka, unataja miaka 70 kabla Mungu hajawarudisha kwao. Maana yake wengi waliosomewa barua ile walifia ugenini. Ndiyo sababu mstari wa 5 hadi 7 unawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, tena wauombee amani mji huohuo.

Soma na sura ya 28 kabla hujapanda madhabahuni. Hanania, nabii wa uongo, ndiye aliyeahidi kwamba utumwa wa Babeli ungeisha ndani ya miaka 2, akafa mwaka uleule. Ukihubiri "mwaka wako umefika" unajikuta upande wake!

Chuo cha Biblia tulifundishwa hivyo: kwanza nani anamwandikia nani, wakiwa katika hali gani, ndipo uulize sisi wa Tukuyu au Makambako tunapata nini. Simaanishi mstari hauhubiriki. Unafaa sana kuhubiri uaminifu wa Mungu kwa watu wanaongoja muda mrefu, mradi usome na ule wa 10.