Shaba iko chini ya miguu yetu, ninunue na hisa zake?

SWALI: Mukubwa, jambo. Mimi ni mama wa watoto wane, niko Kampemba hapa Lubumbashi, bwana ni mekanisien kwenye kampuni inayotengeneza makamyo ya migodi. Tumekusanya dola 3,000, likelemba (ile ya kuchangishana pesa kwa zamu) na mushara wake, tunataka ziwe za masomo ya watoto miaka 15 ijayo. Shemeji anasema tununue aksioni, ni kusema hisa, za kampuni za shaba na kobalti tusahau, juu magari ya umeme yanakuja na shaba haiwezi tena kushuka. Unasemaje?

JIBU: Jambo mama. Kwenye miaka 15 shemeji ako sawa, hisa ni mwembe wa kungojea miaka, siyo mboga ya lengalenga. Kwenye "haiwezi kushuka" hapo amenichekesha.

Katikati ya 2008 tani ya shaba ilikuwa karibu dola 9,000, Desemba ikawa chini ya 3,000. Kuna mama wa mtaani kwetu alikuwa anauza mikate na maharagi mbele ya geti ya kiwanda, anaandika madeni kwenye daftari, wanamulipa mwisho wa mwezi. Geti likafungwa, akabaki na daftari yake. Hakuwa na hisa hata moja lakini shaba ilimupiga vilevile. Na wewe mushara wa bwana ni shaba, likelemba ya majirani ni shaba, sasa na akiba uitie mulemule?

Glencore, kampuni kubwa ya migodi, hao wenye mugodi wa KCC pale Kolwezi, waliingia burse (soko la hisa) ya London 2011 kwa peni 530 hisa moja, Septemba 2015 ikashuka mpaka chini ya 70, na mwezi uleule wakatangaza KCC inasimamisha uzalishaji. Mutu wa Kolwezi mwenye hisa zao angepoteza kazi na akiba pamoja. Bei ilipanda baadaye, ndiyo, lakini mwenye watoto shuleni na hana mushara angengoja na nini? Angeuza palepale chini. Hata Norwe wenye mafuta yao mengi, ule mufuko wao wa akiba hawanunui nao hisa za nyumbani hata moja, wanapeleka yote nje.

Sasa kununua. Kongo hatuna burse, ya karibu ni ya Lusaka, iko tangu 1994, unapita kwa brokeri, yule anayekununulia na kukuuzia hisa. Lakini na kule ZCCM-IH ni hisa za migodi, CEC inauzia migodi umeme, kwacha yenyewe inapanda na kushuka na shaba. Mimi ningetafuta mufuko unaoshika hisa za kampuni nyingi za dunia nzima na unaokata ada ndogo. (Anayekuahidi asilimia 20 kwa mwezi kwenye WhatsApp, umublok, halafu waulize wazee habari ya Bindo, ule muchezo wa pesa uliokula akiba za watu.)

Kabla ya yote, toa pesa ya unga na minervali (ada ya shule) ya miezi sita, ikae karibu, siyo kwenye hisa, hiyo ndiyo itakusaidia usiuze siku mbaya. Shemeji akilazimisha sana, shaba isipite sehemu moja ya kumi ya inayobaki. Na brokeri umuulize anakata ngapi ukinunua, ngapi ukiuza, na divideni, ile faida kampuni inagawia wenye hisa, itaingia benki gani hapa Lubumbashi, juu ada ya kutuma peke yake inaweza kula divideni ya mwaka muzima.